Sura ya Saba: Aende Kazini kwa Lipi, Kama Analipwa Akiwa Nyumbani?

Swali hili huzuka karibu kila ndugu anapopiga simu kutoka Ulaya. "Eti huko mtu akikosa kazi serikali inamlipa? Na kodi ya pango inamlipia? Sasa nani atajisumbua kudamka alfajiri kwenda kufagia ofisi za watu?"

Anayeuliza hana ubaya. Huku kwetu asiye na kazi huangukia kwa shangazi, kwa kaka, au kwenye daftari la madeni la mwenye duka. NSSF ya Tanzania inalo fao la kukosa ajira, lakini ni la yule aliyekuwa akichangia. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa halimhusu. Kwa hiyo habari ya serikali kumlipa mtu asiyefanya kazi tunaisikia kama hadithi, na hadithi ikishakuwa tamu hakuna anayeuliza masharti yake.

Tuanze na maneno mawili. Hifadhi ya jamii ni mpango wa nchi wa kumshika mtu asianguke anapokosa kipato kwa sababu ya uzee, ugonjwa, ulemavu, uzazi au kukosa kazi. Fao ni malipo anayopewa chini ya mpango huo. Jibu fupi la swali la ndugu zetu ni kwamba ndiyo, Uingereza mtu hulipwa, tena kidogo, tena kwa masharti. Jibu refu ni hadithi ya nchi iliyojiuliza swali hilohilo kwa miaka mingi, kisha ikaamua kubomoa mfumo wake na kujenga mwingine ambao ungemfanya kila anayefanya kazi aone faida ya kufanya kazi.

Mafao sita, ofisi tatu

Mfumo wa Uingereza wa leo chimbuko lake ni ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, katikati ya vita. Beveridge alipendekeza jambo rahisi: uchangie kila wiki ukiwa kazini, upokee ukipatwa na shida. Alitambua kwamba wapo ambao michango haitawatosha, na kwa hao akaweka msaada wa pembeni unaotolewa baada ya serikali kupima kipato cha mtu. Aliamini msaada huo ungekuwa wa wachache.

Mambo yakaenda kinyume. Kodi za pango zilipanda, mishahara ya kazi za chini haikutosha, watu waliolea watoto peke yao wakaongezeka. Kila serikali iliyoingia ilikuta tundu, ikaweka kiraka. Kufikia mwaka 2010 viraka vikubwa vya watu wazima wa umri wa kufanya kazi vilikuwa sita:

- posho ya anayetafuta kazi;
- posho ya mgonjwa au mlemavu asiyeweza kufanya kazi;
- msaada wa kipato, kwa mfano kwa mzazi anayelea mtoto mdogo peke yake;
- ruzuku ya kodi ya pango;
- nyongeza ya watoto;
- nyongeza ya mfanyakazi wa mshahara mdogo.

Matatu ya kwanza yalikuwa chini ya Wizara ya Kazi na Pensheni. Ruzuku ya pango ilikuwa kwa halmashauri. Nyongeza mbili za mwisho zilikuwa kwa mamlaka ya kodi. Kila ofisi ilikuwa na fomu zake, vielelezo vyake na namna yake ya kuhesabu kipato. Mtu mmoja, familia moja, mkoba mmoja, lakini anajieleza mara tatu.

Usumbufu huo ulikuwa mbaya, ila ubaya mkubwa ulikuwa ndani ya hesabu.

Pauni tano

Mtu asiye na mwenza wala mtoto aliyepokea posho ya anayetafuta kazi aliruhusiwa kubaki na pauni 5 kwa wiki katika alichochuma kwa vibarua. Mzazi anayelea peke yake aliruhusiwa pauni 20. Baada ya hapo, kila pauni aliyochuma ilimpunguzia fao kwa pauni nzima. Akifanya kazi Jumamosi akalipwa pauni 50, anabaki na tano. Nauli ya basi na chakula cha mchana vimeshamaliza hizo tano.

Kulikuwa pia na mpaka wa saa 16 kwa wiki. Ukiufikia, posho ya kutafuta kazi inakatika na unatakiwa kuangalia kama unastahili nyongeza ya mfanyakazi, kwa ofisi nyingine, kwa fomu nyingine. Mwajiri akimwambia mtu, "Kuna kazi ya wiki tatu, saa 25 kwa wiki," mtu huyo alikuwa na mengi ya kupima. Afunge fao, ajulishe halmashauri, afanye kazi wiki tatu, kisha aanze upya kuomba kila kitu huku mwenye nyumba anadai. Wengi walikataa. Majirani wakawaita wavivu. Mimi ningekataa pia, na nadhani hata mhasibu angenishauri hivyo.

Wataalamu huiita hali hii mtego wa mafao: mtu akijitahidi kupanda, kile anachopanda kwacho kinapunguzwa kwa kasi ileile, naye anajikuta palepale.

Mwanasiasa aliyelishikilia jambo hili ni Iain Duncan Smith wa chama cha Conservative. Mwaka 2002, akiwa kiongozi wa chama hicho, alitembelea Easterhouse, mtaa wa watu maskini mjini Glasgow, na umaskini aliouona ukabaki naye. Mwaka 2004 alianzisha kituo cha utafiti wa sera, na mwaka 2009 kituo hicho kikatoa ripoti iliyopendekeza mafao yaunganishwe. Mwaka uliofuata akawa waziri mwenye dhamana. Sheria ilipata idhini ya malkia tarehe 8 Machi 2012, na fao jipya likaitwa Universal Credit.

Wazo lenyewe, na lilikuwa zuri

Universal Credit lilichukua nafasi ya yote sita. Unaomba mara moja, kwa wizara moja, unalipwa mara moja kwa mwezi. Ukipata kazi hulifungi. Linaendelea, ila linapungua polepole kadiri mshahara unavyoongezeka, hadi siku linafika sifuri lenyewe. Mshahara wako hupelekwa na mwajiri kwa mamlaka ya kodi, nayo huupeleka kwa wizara, kwa hiyo huhitaji kupanga foleni na hati ya mshahara mkononi.

Kiini cha mfumo ni namba moja, kiwango cha makato, yaani kiasi cha fao kinachopunguzwa kwa kila pauni unayobaki nayo baada ya kodi. Mwanzoni kilikuwa peni 65 katika kila pauni. Mwaka 2017 kikashuka hadi 63. Desemba 2021 kikashuka hadi 55. Pembeni yake kuna posho ya kazi, kiasi ambacho wenye watoto au wagonjwa wanaruhusiwa kuchuma kabla makato hayajaanza.

Linganisha na zamani. Yule wa Jumamosi mwenye pauni 50, aliyebaki na tano, leo anabaki na pauni 22 na peni 50. Si utajiri, lakini sasa kuna sababu ya kupanda basi.

Ila hesabu ina upande wa pili ambao wanasiasa hawapendi kuusimulia. Mchukue mama ambaye mshahara wake umeshavuka posho ya kazi na umeshaanza kutozwa kodi. Anaongeza saa, analipwa pauni 100 zaidi. Kodi ya mapato inachukua 20. Mchango wa bima ya taifa unachukua 8. Zinabaki 72. Fao lake linapungua kwa asilimia 55 ya hizo 72, yaani pauni 39 na peni 60. Mfukoni zinabaki pauni 32 na peni 40. Tajiri wa England aliye katika ngazi ya juu kabisa ya kodi, akiongeza pauni 100, hukatwa 45 za kodi na 2 za bima, anabaki na 53. Mfumo uliotungwa ili kazi ilipe unamwachia msafishaji wa hospitali kidogo kuliko unavyomwachia mkurugenzi wa benki.

Kwa nini wasipunguze makato zaidi? Kwa sababu kila peni inayoshuka ina bei. Ukishusha kiwango, wanaopokea sasa wanapokea zaidi, na watu wa mishahara ya kati ambao hawakuwemo nao wanaingia. Hazina inapiga yowe. Na Hazina ilishapiga: bajeti ya mwaka 2015 iliamua kupunguza posho za kazi, na kuanzia Aprili 2016 mtu mwenye afya asiye na watoto hakubakishiwa posho yoyote, makato yake yanaanza na pauni ya kwanza. Hapo ndipo wazo la Easterhouse lilipoanza kupungua uzito. Duncan Smith alijiuzulu Machi 2016, akilalamikia mpango wa kupunguza mafao ya walemavu.

Kundi moja lilisahauliwa tangu mwanzo: mwenza wa pili. Fao huhesabiwa kwa kaya, na posho ya kazi ni moja kwa kaya. Baba akiwa kazini ameshaitumia yote, mama anayetaka kuanza kazi hukatwa tangu senti ya kwanza, na bado alipe mlezi wa mtoto. Kwa kaya kama hiyo mfumo mpya unamwambia mke abaki nyumbani.

Kwa ufupi kabla hatujaendelea: kuunganisha mafao kuliondoa kuta kati ya kukosa kazi na kufanya kazi. Kiasi cha faida anachobaki nacho mfanyakazi ni uamuzi mwingine kabisa, wa pesa, na huo hubadilika kila bajeti.

Mwezi wa nani?

Walioandika mpango huu walitaka fao lifanane na kazi. Kazini watu hulipwa kila mwezi, walisema, basi na fao lilipwe kila mwezi, baada ya mwezi kuisha, ili mtu azoee kupanga matumizi kama mfanyakazi. Kodi ya pango nayo apewe mkononi amlipe mwenye nyumba mwenyewe.

Nani hulipwa kila mwezi? Waandishi wa sera hulipwa kila mwezi. Watu wengi wa maghala, usafi, mikahawa na ulinzi, Uingereza kama Dar es Salaam, hulipwa kwa wiki, kwa wiki mbili au kwa wiki nne. Mtu aliyezoea kupokea Ijumaa hana akiba ya kumfikisha mwisho wa mwezi, na huyo ndiye aliyeambiwa asubiri.

Hapo awali kusubiri kulifikia wiki sita. Mwaka 2018 kukawa wiki tano: mwezi mzima wa kuhesabiwa kipato, na siku kadhaa za malipo kufika benki. Anayeshindwa kungoja anaweza kuomba malipo ya awali, lakini hayo ni mkopo, na hukatwa katika fao la miezi inayofuata. Kwa hiyo mtu anaingia katika hifadhi ya jamii akiwa na deni kwa hifadhi ya jamii. Malimbikizo ya kodi ya pango yakaongezeka. Vituo vya kugawa chakula cha msaada, ambavyo mtandao wake mkubwa ni wa Trussell Trust, vilisema wazi kwamba watu wengi wanaofika ni wale wanaongoja malipo ya kwanza. Kwa muda mrefu serikali ilikataa kuona uhusiano huo. Februari 2019 waziri wa wakati huo, Amber Rudd, akakiri bungeni kwamba ugumu wa kupata fedha mapema umechangia ongezeko la wanaokwenda katika vituo hivyo.

Kisa kingine kinaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuwa na uadilifu usio na akili. Akina mama wanne, kila mmoja akilea peke yake na akiwa kazini, walilipwa mshahara mwisho wa mwezi. Siku ya mshahara ikiangukia wikiendi, mwajiri aliwalipa mapema, na kompyuta ikasoma mishahara miwili ndani ya mwezi mmoja. Mwezi huo fao likashuka au kutoweka. Mwezi uliofuata haukuwa na mshahara, fao likapanda, lakini posho ya kazi ya mwezi mmoja ilikuwa imepotea kwa sababu hakukuwa na mshahara wa kuitumia. Walifanya kazi ileile kwa saa zilezile, wakapoteza fedha kwa ajili ya kalenda. Wizara iliwapinga mahakamani. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kukataa kurekebisha jambo hilo hakukuwa na mantiki, na akina mama wakashinda.

Scotland haikungoja mahakama. Tangu mwaka 2017 imewapa watu wake hiari ya kulipwa mara mbili kwa mwezi, na kodi ya pango ipelekwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Ireland ya Kaskazini hulipa mara mbili kwa mwezi kwa kawaida. Mfumo haukuanguka.

Miaka kumi na miwili

Universal Credit lilianza Aprili 2013 Ashton-under-Lyne, karibu na Manchester, kwa watu rahisi kuwahudumia tu: asiye na mwenza, asiye na mtoto, asiye na nyumba yake. Ilitakiwa nchi nzima iwe imemaliza kuhama mwaka 2017. Septemba mwaka huohuo wa 2013 wakaguzi wa hesabu za serikali waliandika ripoti kali kuhusu usimamizi dhaifu, na pauni milioni 34 za mifumo ya kompyuta zikafutwa vitabuni kama hasara. Ilibidi wizara ianze kutengeneza mfumo mwingine pembeni huku ule wa kwanza ukiendelea kutumika. Nyongeza mbili zilizokuwa kwa mamlaka ya kodi zilifungwa rasmi Aprili 2025.

Wapinzani wa mpango huu hukaa kimya tukifika Machi 2020, na hapo siwaungi mkono. Korona ilipofunga maduka, watu karibu milioni moja waliomba Universal Credit ndani ya wiki mbili. Wengi wao walilipwa bila kuonana na ofisa ana kwa ana. Mfumo wa zamani, wa fomu na madirisha matatu, usingeweza kubeba wimbi lile. Serikali ikaongeza pauni 20 kwa wiki kwa kubadilisha namba moja tu, kisha ikaziondoa Oktoba 2021. Hiyo ndiyo nguvu ya fao moja: ukitaka kuwafikia mamilioni kesho asubuhi, mlango uko mmoja. Na ukitaka kuwapunguzia mamilioni, mlango ni huohuo.

Basi, walikwenda kazini?

Wizara ililinganisha wasio na kazi wasio na watoto katika miaka ya mwanzo, ikasema kwamba penye watu 100 waliopata kazi chini ya posho ya zamani, chini ya Universal Credit walipata 113. Ni hatua ya kweli, ingawa ni ya kundi ambalo kulipatia kazi ni rahisi kuliko yote. Mwaka 2018 wakaguzi wakasema kuwa lengo kubwa, la kuongeza watu 200,000 kazini, halitaweza kupimwa kamwe, kwa kuwa ukosefu wa ajira ulikuwa unashuka nchi nzima kwa sababu nyingine pia.

Mfumo haukutegemea faida peke yake. Ulikuja na fimbo. Anayelipwa husaini ahadi, na kwa kawaida mwenye afya asiye na watoto wadogo anatarajiwa kutumia saa 35 kwa wiki kutafuta kazi. Akikosa miadi bila sababu inayokubalika, fao hukatwa. Adhabu ya juu kabisa ilifika miaka mitatu, hadi ilipopunguzwa kuwa miezi sita mwaka 2019. Ndiyo maana nasema "kulipwa ukiwa umekaa" ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kusaini ahadi hiyo.

Na kuna jambo linalolipindua swali letu la mwanzo. Katika zaidi ya watu milioni 7 wanaopokea Universal Credit, karibu theluthi wako kazini tayari. Wanadamka alfajiri. Mshahara hautoshi pango, basi. Kwa walio wazazi, kikwazo kimoja cha kuongeza saa ni mlezi wa mtoto, ambaye mfumo huu hurudisha hadi asilimia 85 ya gharama yake, zaidi ya asilimia 70 za zamani, lakini kwa muda mrefu ulimtaka mzazi alipe kwanza ndipo arudishiwe. Ilipofika Juni 2023 ndipo waanzao kazi wakaruhusiwa kupewa fedha hizo mbele.

Urahisi unaovuja

Mwezi uleule wa Aprili 2013 ambao fao moja lilizinduliwa, punguzo la kodi ya halmashauri liliachwa nje na kukabidhiwa kila halmashauri ya England ijitungie masharti yake. Mtu akawa na fao moja la taifa na punguzo linalobadilika akivuka barabara. Kuanzia mwaka 2018, chakula cha bure shuleni England kikawekewa kikomo cha mshahara wa pauni 7,400 kwa mwaka. Aliyezidisha pauni moja aliwalipia watoto wake chakula hicho mwenyewe. Ule mpaka wa saa 16 uliozikwa, ukafufuka umevaa nguo nyingine.

Hata huku kwetu, Tanzania ilipounganisha mifuko ya pensheni mwaka 2018, PSPF, LAPF, GEPF na PPF zikawa PSSSF, hakuna mstaafu aliyeandamana kwa ajili ya majina. Kelele zilikuwa za kikokotoo, kanuni inayopanga ni kiasi gani cha mafao utapewa kwa mkupuo siku ya kustaafu, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli alilazimika kuisimamisha. Mlipwaji haangalii ofisi ziko ngapi. Anaangalia anapata kiasi gani na anapata lini.

Neno kwa msomaji aliye Uingereza au anayejiandaa kwenda: viza nyingi za kazi, masomo na za wenza zina sharti la kutotegemea fedha za umma, na Universal Credit ni mojawapo ya fedha hizo. Kuomba ukiwa chini ya sharti hilo kunaweza kuharibu viza yako. Muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hujamsikiliza rafiki.

Hukumu yangu ni kwamba Uingereza iliunganisha vizuri na ikalipa vibaya. Kuondoa mpaka wa saa 16 na kuruhusu fao liendelee hadi ndani ya ajira kulistahili gharama yote ya kompyuta. Kumfanya maskini angoje kama mwenye mshahara hakukumpeleka mtu yeyote kazini, na kungeweza kuondolewa kwa uamuzi wa waziri bila kugusa kitu kingine chochote katika mfumo. Hadi naandika sura hii, wiki tano bado zipo.